Neno Lisilopanda Ngazi: Lugha na Kukataliwa kwa Maombi ya Rufaa ya Kapenguria na Nyeri, 1952–1957

Katika Kiswahili, asiyeridhika na hukumu hukata rufaa. Neno rufaa, ambalo Tanzania imelihifadhi kwa umbo la rufani katika jina la Mahakama yake ya Rufani, ilhali Kenya ina Mahakama ya Rufaa, limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua. Picha iliyomo ndani ya neno hilo ni ya shauri linalonyanyuliwa kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, pamoja na mashahidi wake na maneno yao, ili macho mapya yalitazame. Picha hiyo inapendeza, lakini inapotosha kwa mambo mawili. Kwanza, kinachopanda si shauri bali ni karatasi: mwenendo wa shauri ulioandikwa na hakimu au karani, aghalabu katika lugha ambayo mashahidi hawakuitumia. Pili, katika mifumo mingi ya sheria ngazi ya juu kabisa si ya kupandwa na kila mtu. Ina mlango, na mwenye mlango huweza kukataa kuufungua bila kutaja sababu.

Jambo hili la pili halijapata istilahi iliyotulia katika Kiswahili cha kila siku. Wanasheria hutofautisha kukataa ombi la idhini ya kukata rufaa na kuitupilia mbali rufaa yenyewe. Katika la kwanza majaji hawajasema lolote juu ya haki ya mwombaji. Katika la pili wamemsikiliza na kumwambia kuwa ameshindwa. Magazeti hutumia "kutupilia mbali" kwa yote mawili, na msomaji huondoka akiamini kuwa mahakama ya juu imeafiki uamuzi wa mahakama ya chini. Si Waswahili peke yao wenye mazoea haya. Nchini Marekani, ambako tangu sheria ya 1925 Mahakama ya Juu huchagua yenyewe sehemu kubwa ya mashauri itakayoyasikiliza, na ambako hutakiwa majaji wanne kati ya tisa wakubali ndipo shauri lipokelewe, Jaji Felix Frankfurter aliona haja mwaka 1950 ya kueleza kwa urefu kwamba kukataa kulipokea shauri si kuikubali hukumu iliyotolewa chini. Ufafanuzi huo haukuwazuia waandishi wa habari kuendelea na desturi yao.

Kwa jamii za pwani ya Afrika Mashariki upo msingi mwingine wa kufasiri kimya kuwa ni kauli. Katika ndoa ya Kiislamu, mwari anayeulizwa na walii wake kuhusu posa akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni idhini. Yaani kimya, katika mazingira maalumu na mbele ya watu maalumu, ni tendo kamili la lugha. Swali linalostahili kuulizwa na mwanaisimu ni hili: kimya cha mahakama ya mwisho ni tendo la aina gani? Hakimfungui mfungwa wala hakimhukumu upya. Hata hivyo, baada yake mfungwa hubaki gerezani, na wa kunyongwa hunyongwa. Maombi mawili yaliyopelekwa London kutoka Kenya katika miaka ya 1950 yanatoa nafasi nzuri ya kulichunguza swali hilo, kwa kuwa yote mawili yalibeba ndani yake migogoro ya lugha ambayo haikuwahi kufika kwa wale waliokuwa na uwezo wa kuitatua.

Kapenguria

Jomo Kenyatta alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Pamoja naye walishtakiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi ilianza kusikilizwa Kapenguria mwanzoni mwa Desemba, mahali palipochaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu. Wanahistoria wameonyesha baadaye kwamba alilipwa na serikali fedha zisizo za kawaida, na kiasi kinachotajwa ni pauni 20,000. Kiongozi wa utetezi alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa Kenya kama A. R. Kapila na Fitz de Souza, na wengine waliotoka India, Nigeria na Jamaika.

Shtaka lilikuwa la kuendesha chama kisicho halali kilichoitwa Mau Mau. Hapo ndipo tatizo la kwanza la kiisimu lilipo. Asili ya jina hilo haijapata kukubaliwa na watafiti hadi leo. Si neno la Kikuyu lenye maana bayana, na tafsiri ya Kiswahili inayopendwa na wengi, kwamba ni herufi za mwanzo za "Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru", ina dalili zote za ufafanuzi uliobuniwa baada ya jina kuwapo. Washtakiwa walitakiwa kujibu kuhusu kitu ambacho jina lake halikuwa na maana katika lugha yao.

Tatizo la pili lilihusu ukalimani. Mkalimani wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyezaliwa Kenya na aliyekijua Kikuyu tangu utotoni. Umahiri wake haukuwa na shaka. Hata hivyo alikuwa pia ameandika kitabu kuhusu Mau Mau na kusimama waziwazi upande wa serikali. Utetezi ulilalamika kwamba tafsiri yake ilielemea upande mmoja, naye akajiondoa. Alirudi baadaye kwa kazi ya kutafsiri maandishi tu. Mgogoro huu hutajwa na wanahistoria kama kisa cha pembeni. Kwa hakika ulikuwa kiini cha kesi, kwani karibu kila neno la mashahidi wa Kikuyu lilifika kwa Thacker kwa mlango huo, na mwenendo wa shauri haukuandika Kikuyu. Kosa la tafsiri likishaingia katika mwenendo hugeuka kuwa ushahidi, na hapana chochote kilichobaki cha kulilinganisha nalo.

Mfano ulio bora zaidi ni wa mkutano wa Kiambu wa tarehe 24 Agosti 1952. Kenyatta alihutubia umati mkubwa na kuwataka watu waikatae Mau Mau. Katika hotuba hiyo alitumia laana ya Kikuyu inayotaja mizizi ya mti uitwao mikongoe, mti wa simulizi ambao mizizi yake huzama hadi mahali ambapo kilichopotelea hakirudi tena. Mzungumzaji wa Kikuyu aliyeisikia alijua kuwa hapana laana nzito kuliko hiyo. Mahakamani Kenyatta alilazimika kuifafanua kwa watu ambao kwao mikongoe ulikuwa ni mti tu. Mswahili anaweza kuukadiria ugumu huo kwa kujaribu kumweleza mgeni tofauti ya uzito kati ya "potelea mbali" inayotamkwa na mama aliyechokozwa na mtoto, na "shindwa na ulegee" inayotamkwa mbele ya pepo. Kamusi itampa mgeni maneno. Haitampa uzito wake. Hakimu hakuridhika kwamba Kenyatta aliilaani Mau Mau kwa dhati. Pengine hakimu yeyote asiyejua Kikuyu asingeridhika, lakini hilo ndilo lililostahili kuchunguzwa juu.

Achieng Oneko alikuwa na tatizo la aina nyingine kabisa. Alikuwa Mluo, na utetezi wake ulisisitiza kuwa hakujua Kikuyu. Mtu anawezaje kutiwa hatiani kwa yaliyosemwa mikutanoni kwa lugha asiyoielewa? Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker aliwatia hatiani wote sita, Oneko akiwemo, na kuwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Safari ya rufaa ilikuwa ya kupanda na kuteremka. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya, ambayo wakati huo iliitwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo leo tungelitafsiri kuwa Mahakama ya Juu, iliitengua hukumu kwa sababu ya kiufundi: hakimu hakuwa ameteuliwa ipasavyo kusikiliza kesi mahali pale. Ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo iliubatilisha uamuzi huo na kulirudisha shauri chini. Januari 1954 Mahakama Kuu ikakataa rufaa za watano na kumwachia Oneko peke yake. Hakwenda nyumbani, alikamatwa tena na kuzuiwa chini ya sheria za hali ya hatari. Ilibaki London.

Baraza la Malkia

Mahakama ya mwisho ya makoloni ya Uingereza ilikuwa Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha, iliyoundwa kwa sheria ya 1833. Jina la Baraza la Malkia linatosha hapa. Kamati hiyo ina sarufi yake yenyewe. Kwa mujibu wa desturi yake haikutoa hukumu. Ilimshauri Malkia kwa unyenyekevu, naye akatoa amri kwa ushauri huo. Vilevile, aliyefika mbele yake katika kesi ya jinai hakudai haki. Aliomba hisani. Kanuni iliyotumika ilikuwa imewekwa mwaka 1887 katika shauri la Dillet, wakili wa Honduras ya Uingereza, nchi ambayo leo ni Belize: Baraza halitaingilia kesi ya jinai ya koloni isipokuwa pale ambapo taratibu za sheria zimepuuzwa au misingi ya haki ya asili imevunjwa, hata dhuluma kubwa ikatendeka. Dillet mwenyewe alifaulu. Waliokuja nyuma yake walikuta kwamba mlango uliomfungukia yeye ulikuwa mwembamba kuliko ulivyoonekana katika maneno ya kanuni.

Pritt alipeleka ombi la kuruhusiwa kukata rufaa. Baraza likalikataa, wala halikutoa sababu. Pritt aliamini kuwa lile lilikuwa miongoni mwa maombi yenye nguvu zaidi aliyopata kuyawasilisha katika maisha yake ya uwakili.

Hapa inafaa kuwa makini, kwa kuwa wapo wanaoandika kwamba London iliithibitisha hukumu ya Thacker. Haikuithibitisha. Haikusema kuwa tafsiri ya ushahidi ilikuwa sahihi, wala kuwa laana ya Kiambu ilikuwa ya uongo, wala kuwa shahidi mkuu Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950, alisema kweli. Kisheria, haikusema neno. Kiutendaji, hata hivyo, kukataa kule kulifanya yote hayo yawe kweli kwa matumizi ya serikali. Macharia alipotoa hati ya kiapo mwaka 1958 akieleza kuwa ushahidi wake ulikuwa wa uongo na ulinunuliwa, hapakuwa tena na mahakama ya kuipelekea. Kilichofuata ni kwamba yeye mwenyewe alishtakiwa kwa hati hiyo na kufungwa. Kenyatta alibaki kizuizini hadi Agosti 1961.

Baraza halikuwa likikataa kila kitu kutoka Kenya. Katika miaka ile ile lilimpokea mtu asiyejulikana na yeyote, Kuruma mwana wa Kaniu, aliyekuwa akiendesha baiskeli yake alipozuiwa na polisi na kupekuliwa. Ilidaiwa kuwa alikutwa na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Waliompekua hawakuwa na cheo ambacho sheria ilikitaka. Alihukumiwa kifo. Baraza lilimruhusu akate rufaa, likamsikiliza, na tarehe 8 Desemba 1954 likaikataa rufaa yake kwa hoja ndefu: ushahidi wenye kuhusika hupokewa hata kama ulipatikana kinyume cha sheria. Wakati huohuo majaji waliandika kuwa baadhi ya mambo katika ushahidi yaliwatia wasiwasi, hasa habari ya kile kisu ambacho hakikuletwa mahakamani, na wakasema watamfahamisha Waziri wa Makoloni.

Kuruma alishindwa, na kanuni iliyoitwa kwa jina lake iliwaumiza washtakiwa wengi katika nchi nyingi kwa miongo mingi. Lakini maneno yapo. Wanafunzi wa sheria kuanzia Nairobi hadi Kingston wameyasoma, wameyapinga, na mahakama kadhaa zimeyaacha. Hukumu mbaya iliyoandikwa inaweza kujibiwa. Ombi la Kapenguria halikuacha sentensi hata moja ya kubishana nayo, na hii ndiyo tofauti ambayo msamiati wetu wa "kutupilia mbali" unaifuta.

Nyeri

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Msako uliomwandama uliongozwa na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekijua Kikuyu barabara na ambaye taarifa yake ya mkutano wa Nyeri wa Julai 1952 ilikuwa imetumika dhidi ya Kenyatta. Si jambo dogo kwamba mtu mmoja alikuwa sikio la serikali katika mashauri yote mawili.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mnamo Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu Waafrika. Kimathi hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, makosa yaliyobeba adhabu ya kifo chini ya kanuni za hali ya hatari. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kuutamka na mgumu kuuthibitisha: alisema kuwa asubuhi ile alikuwa akitoka msituni kwenda kujisalimisha, kama matangazo ya serikali yenyewe yalivyowataka wapiganaji wafanye. Kwa hiyo kesi iliegemea nia, na nia ya mtu hujulikana kwa maneno yake: alisema nini alipokamatwa, alimwambia nani, kwa lugha gani, na nani aliyaandika. Maelezo yake yaliingia katika mwenendo wa shauri kwa Kiingereza, kupitia wakalimani. Tarehe 27 Novemba O'Connor alimtia hatiani, na washauri wote watatu walikuwa na maoni hayohayo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikataa rufaa yake mwezi Desemba.

Ombi la London lilikataliwa mapema mwaka 1957. Tarehe 18 Februari Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Kati ya kukamatwa na kunyongwa hazikutimia hata siku 125, ngazi zote tatu zikiwa zimepandwa.

Kwa miongo mingi mwenendo wa kesi hiyo haukuonekana. Waandishi wa tamthilia walijaza pengo: Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walitoa tamthilia yao kuhusu kesi ya Kimathi mwaka 1976, na wasomaji wa Kiswahili wakaipata kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kimathi wa jukwaani anaongea kwa ufasaha na kirefu. Mwenendo halisi ulipopatikana na kuchapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur, ulimwonyesha mtu mwingine: majeruhi anayejibu maswali mafupi kuhusu handaki, mapambazuko na umbali wa hatua kadhaa. Wapo waliosikitika kumkosa shujaa waliyemzoea. Hata hivyo, kwa mwanaisimu hasara kubwa iko penginepo. Kinachosomeka katika mwenendo huo ni Kiingereza cha wakalimani na cha jaji aliyekuwa akiandika. Hakuna njia ya kurudi kwenye kitenzi alichokitumia Kimathi kusema kuwa alikuwa akienda kujisalimisha, wala kujua kama kitenzi hicho kilibeba maana ya kujitoa, ya kwenda kuzungumza, au ya kuchoka.

Kiswahili hakikuwa nje ya mfumo huo. Kilikuwa ngazi yake ya kati, na nchini Kenya bado kiko hapo. Sheria ya mwenendo wa madai na ile ya mwenendo wa jinai zinaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Kutoka Mahakama Kuu kwenda juu lugha ni Kiingereza. Shahidi wa Lodwar husema Kiturkana, karani wa mahakama hukigeuza Kiswahili, na hakimu huandika Kiingereza. Katika Katiba ya 2010 Kenya ilijiwekea mlango wake wa mwisho: mashauri yasiyohusu ufafanuzi wa Katiba hufika Mahakama ya Juu ikiwa tu imethibitishwa kuwa yana jambo lenye umuhimu kwa umma. Mlango huo ni bora kuliko ule wa London, kwa kuwa majaji wake wameandika vigezo vyao, hasa mwaka 2013 katika shauri la Steyn na Gnecchi-Ruscone. Lakini swali la iwapo neno la shahidi lilitafsiriwa sawasawa ni vigumu kulipitisha katika kigezo cha umuhimu kwa umma, maana kwa kawaida humhusu mtu mmoja.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili kwa muda mrefu, ilhali hukumu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata wananchi wakapewa nakala za uamuzi juu ya mashamba yao wasizoweza kuzisoma. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji, kwa sharti kwamba hukumu itafsiriwe. Kwa shahidi wa Kiswahili, maana yake ni kwamba neno alilolitamka linaweza kwa mara ya kwanza kufika mbele ya majaji wa rufani kama alivyolitamka. Kwa shahidi wa Kihadzabe au Kimaasai asiyekijua Kiswahili vizuri, mkalimani bado amesimama palepale aliposimama Leakey, na mwenendo wa shauri bado hauandiki alichotafsiri kutoka kwacho.